"Sina Kazi, Mwanangu": Maneno ya Swali Yanavyoumba Jibu la Utafiti

Mama yule alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, ungo mapajani, anachambua karanga. Gunia moja lilishafungwa, la pili lilikuwa nusu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaagiza mtoto aniletee kigoda. Wakati huo nilikuwa mdadisi wa muda, mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba na dodoso mkononi. Tulipofika sehemu ya ajira nikamsomea swali kama lilivyoandikwa: "Je, katika siku 7 zilizopita umefanya kazi?" Akajibu bila kuinua macho: "Mimi sina kazi, mwanangu. Nipo tu nyumbani."

Nikaweka alama penye "hapana". Dodoso likanielekeza niruke ukurasa mzima, kwa hiyo maswali ya saa za kazi, kipato na mwajiri yote yakapita. Tulipomaliza akaniomba nimsaidie kunyanyua lile gunia lililojaa hadi kwenye bodaboda iliyokuwa ikimsubiri, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Karanga zilikuwa zake, alizilima mwenyewe na alikuwa akizipeleka kuziuza. Lakini katika karatasi nilizoondoka nazo pale, mama huyo hakuwa na kazi.

Hakunidanganya, na mimi sikusoma vibaya. Neno ndilo lililotuponza. Mtu akikuuliza, "Mwanao ameshapata kazi?" hakusudii kama ameanza kulima. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu mwenye kazi ni yule mwenye bosi, mshahara, na mahali pa kwenda asubuhi. Anayelima "anashughulika na shamba", anayeuza karanga "anajishikiza", na anayepika, kuteka maji na kulea "yuko nyumbani". Aliyeandika swali alikuwa na maana ya wachumi kichwani, ambayo kwayo hata saa moja ya kulima mazao ya kuuza ni kazi. Maana hiyo haikusafiri pamoja na neno. Ilibaki ofisini, neno likafika kijijini peke yake.

Jambo hili limepimwa, tena hapa hapa Tanzania. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliendesha majaribio katika wilaya 7 nchini, kwenye utafiti uliojulikana kwa kifupi kama SHWALITA. Katika sehemu ya ajira walitengeneza namna nne za kuuliza, kisha wakazigawa kwa bahati nasibu. Baadhi ya watu waliulizwa kwa ufupi kama walifanya kazi yoyote. Wengine waliulizwa kwanza vipengele kimoja kimoja: je, umefanya kazi ya kulipwa kwa mtu asiye wa kaya hii? Je, umefanya kazi kwenye shamba lako au la kaya? Je, umejishughulisha na biashara yako mwenyewe? Halafu kwa kila moja ya hizo mbili, wapo waliojisemea wenyewe na wapo waliosemewa na mwenzao wa nyumbani, na ndivyo zilivyotimia namna nne.

Watu walikuwa wa wilaya zile zile, msimu ule ule, nchi ile ile. Hata hivyo kiwango cha watu waliohesabiwa kuwa kwenye nguvu kazi kilipishana hadi pointi 10 za asilimia, kutegemea ni dodoso lipi lililowafikia. Swali fupi liliwapunguza wanawake walioonekana wanafanya kazi. Kumuuliza mtu mwingine badala ya mhusika kuliwapunguza wanaume, hasa wale wanaolima. Pointi 10 si jambo dogo. Waziri akisimama bungeni na kusema ushiriki wa wanawake katika uchumi umepanda kwa kiasi hicho, tutapiga makofi, kumbe pengine kilichobadilika ni sentensi moja kwenye dodoso.

Hapa inafaa kutenganisha makosa ya aina mbili, maana watu huyachanganya. Kosa la kwanza linatokana na kuuliza watu wachache badala ya wote. Hilo linajulikana, lina hesabu zake, na hupungua kadiri unavyoongeza idadi ya wanaohojiwa. Kosa la pili linakaa ndani ya swali lenyewe, na halipungui hata ukihoji taifa zima. Muuza duka mwenye mizani mbovu akipima sukari mara mia, atapunja mara zote mia, tena kwa kiasi kile kile. Ndiyo maana sivutiwi sana ninaposikia utafiti umesifiwa kwa sababu tu umehoji maelfu ya watu. Ninachotaka kujua kwanza ni walichoulizwa, neno kwa neno.

Mfano wa zamani unaotajwa sana katika fani hii unatoka Marekani mwaka 1940. Kundi moja la watu liliulizwa kama nchi iruhusu hotuba za hadhara za kupinga demokrasia. Asilimia 62 wakasema isiruhusu. Kundi jingine linalofanana na hilo likaulizwa kama nchi izikataze hotuba hizo. Waliosema izikataze walikuwa asilimia 46 tu. Kimantiki kutoruhusu na kukataza ni kitu kimoja. Kwa moyo wa mtu si kitu kimoja hata kidogo. Kumwambia mtu "nakukataza" ni kitendo kizito, kinahitaji mamlaka na kinaleta ugomvi. Lakini kusema "naruhusu" nako ni kama kutoa baraka zako. Asiye na msimamo mkali anavikwepa vitendo vyote viwili, na kwa kuvikwepa anaangukia upande mmoja swali likiwa hivi na upande wa pili swali likiwa vile. Jaribu kwa lugha yetu: uliza kama serikali "iruhusu" wamachinga kuuza kandokando ya barabara, halafu uliza kama "iwapige marufuku". Kundi la katikati, wale ambao hawajaamua, ndilo litakalohama.

Maneno ya nyongeza nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Januari 2003, miezi miwili kabla ya vita vya Iraq, taasisi ya Pew iliwauliza Wamarekani kama wanaunga mkono hatua za kijeshi za kuuondoa utawala wa Saddam Hussein. Asilimia 68 waliunga mkono. Swali lilipoongezewa kwamba huenda maelfu ya wanajeshi wa Marekani wangeuawa au kujeruhiwa, waliounga mkono wakashuka hadi asilimia 43. Yupi alisema kweli kuhusu maoni ya Wamarekani, aliyeandika 68 au aliyeandika 43? Wote wawili walisema kweli, ila kila mmoja alikuwa anajibu swali lake. Kosa lipo kwa anayeibeba namba na kuliacha swali nyuma.

Nadhani Watanzania tuna funzo letu wenyewe kuhusu hilo. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilizunguka nchi nzima kuwasikiliza wananchi kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Karibu asilimia 80 walisema chama kimoja kiendelee. Kwa namba hiyo pekee jambo lilikuwa limekwisha. Lakini tume haikuishia kwenye namba. Ilisoma pia kile watu walichokiambatanisha na jibu lao, na sehemu kubwa ya waliotaka chama kimoja walitaka pia mambo mengi yabadilike ndani ya mfumo huo. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo au kuupinga. Mimi ninachokiona ni kwamba kuna jibu la "ndiyo" linalobeba masharti mgongoni, na dodoso lenye visanduku viwili halina pa kuyaweka.

Hiyo "ndiyo" yenyewe ina mambo yake, na kwa Kiswahili mambo hayo ni mazito kuliko wengi wanavyodhani. Mtu akikuuliza, "Hujala?" nawe hujala, unajibu, "Ndiyo," ukimaanisha ndiyo, sijala, umesema sawa. Mzungumzaji wa Kiingereza katika hali hiyo hiyo atajibu kwa neno la kukataa. Sasa chukua dodoso lililotungwa kwa Kiingereza, likatafsiriwa, na ndani yake mna swali: "Je, mtoto huyu hakupata chanjo ya surua?" Mama anasema, "Ndiyo." Mdadisi anabonyeza NDIYO kwenye kishikwambi, jibu linaruka hadi mjini. Aliyepo mjini anasoma nini? Anaweza kusoma kwamba mtoto alichanjwa, au kwamba hakuchanjwa. Mdadisi mzoefu atarudia swali kwa njia nyingine hadi ahakikishe. Mdadisi aliyebakiza nyumba kumi kabla jua halijazama atabonyeza na kuondoka.

Si kwetu tu. Mwaka 1992 kampuni ya Roper iliwauliza Wamarekani kama inaonekana kwao inawezekana au haiwezekani kwamba maangamizi ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea kamwe. Soma tena polepole: inawezekana au haiwezekani, kwamba hayakutokea. Asilimia 22 wakasema inawezekana, wengine 12 wakasema hawajui. Matokeo yalipotangazwa watu walishtuka, wakadhani mtu mmoja kati ya watatu anatilia shaka jambo lililothibitishwa kwa ushahidi usiohesabika. Kumbe wengi walikuwa wamepotelea kwenye ukanushi juu ya ukanushi. Swali lilipoandikwa upya kwa maneno yaliyonyooka mwaka 1994, waliosema inawezekana halikutokea walikuwa asilimia 1 tu, na asilimia 91 walisema wana hakika lilitokea. Sentensi moja mbovu ilikuwa imewavika mamilioni ya watu fikra ambazo hawakuwa nazo. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Kisha kuna adabu. Mgeni amefika nyumbani kwako, amevaa kitambulisho shingoni, ameongozana na mjumbe au mtendaji wa kijiji. Anakusomea: "Je, unakubaliana kwamba huduma katika zahanati hii zimeboreka?" Kumkatalia mgeni ni kumvunjia heshima, na huenda aliyekuja naye ndiye utakayemwomba barua ya utambulisho wiki ijayo. Unakubaliana. Maneno "unakubaliana kwamba" yameshafungua mlango mmoja na kuuegesha mwingine. Ndiyo maana tafiti za Afrobarometer, zinazofanyika katika nchi nyingi za Afrika, hutumia sana mtindo wa kusoma kauli mbili zinazopingana na kumwomba mtu achague iliyo karibu na maoni yake. Zote mbili zimesemwa na mgeni, kwa hiyo kuchagua yoyote si kumkatalia. Mwishoni pia humuuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma wadadisi. Swali hilo nalipenda sana, maana anayedhani mdadisi ametumwa na serikali hawezi kusomwa sawasawa na asiyedhani hivyo.

Waingereza nao walilazimika kulitazama neno hilo hilo. Kwa kura ya maoni ya Uskoti ya mwaka 2014, serikali ya huko ilipendekeza swali linaloanza na "Je, unakubali kwamba Uskoti iwe nchi huru?" Tume ya uchaguzi ililijaribu swali kwa watu, ikaona "unakubali" linasukuma, na Januari 2013 ikashauri liondolewe. Swali likabaki: "Je, Uskoti iwe nchi huru?" Mwaka 2015, kuelekea kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, tume hiyo hiyo ilishauri swali lisitaje kubaki peke yake, litaje kubaki na kuondoka pia, na majibu yasiwe ndiyo na hapana.

Kuna aina ya swali ambalo kwa Kiswahili huwa salamu hata kabla halijawa swali. "Hali yako ya afya ikoje?" Mtu wa pwani au bara, aliyelelewa akalelewa, hawezi kuanza na ubaya. Hujambo, sijambo. Habari za nyumbani, nzuri. Mwenye msiba ndani atasema, "Nzuri, ila..." na habari yenyewe iko baada ya hiyo "ila". Dodoso lina nafasi ya "nzuri sana, nzuri, wastani, mbaya", halina nafasi ya "ila". Nimewahi kumwandika mzee mmoja "nzuri", kisha nilipomuuliza kama anaweza kutembea hadi kisimani akanionyesha mguu uliovimba hadi gotini. Swali la pili ndilo lililokuwa swali. La kwanza tulikuwa bado tunaamkiana.

Kutoka hapo unaweza kuelewa kwa nini tafiti za afya na idadi ya watu, zile zinazofanywa Tanzania, Kenya na kwingineko, hazimuulizi mwanamke kama amefanyiwa ukatili na mumewe. Neno "ukatili" lina hukumu ndani yake. Kulikubali ni kumshitaki mume, na pengine kukiri kwamba ndoa imekushinda. Badala yake mdadisi anauliza vitendo, kimoja baada ya kingine: je, amewahi kukusukuma, kukutikisa au kukurushia kitu? Kukuzaba kofi? Kukupinda mkono au kukuvuta nywele? Kukupiga ngumi? Huchaguliwa mwanamke mmoja tu katika kaya, na lazima wawe faraghani. Mtu mwingine akikaribia, mdadisi anakatisha. Mwanamke ambaye angesema "hapana, mume wangu si mkatili" anaweza kujibu "kofi, ndiyo" bila kuhisi amemsaliti mtu. Hajaambiwa alipe tukio jina. Ameombwa alisimulie.

Idadi ya watoto nayo huulizwa kwa mtindo huo. Ukisema "Una watoto wangapi?" utapewa idadi ya walio hai, au walio nyumbani, na wapo wasiopenda hata kuwahesabu watoto kwa sauti. Kwa hiyo mama anaulizwa kuhusu wavulana wanaoishi naye, wasichana wanaoishi naye, wanaoishi kwingine, kisha kwa sauti ya chini, waliozaliwa hai wakafariki. Na mama akisema hakuna, dodoso linamtaka mdadisi aulize tena: hata mtoto aliyelia au kuonyesha dalili ya uhai, akaishi saa au siku chache tu? Mara nyingine ndipo kimya kinapotanda. Bila swali hilo la pili, takwimu za vifo vya watoto wachanga zingewapoteza wale ambao hata majina hawakupewa.

Makosa mengine nayataja kwa haraka kwa kuwa yanaonekana kirahisi mtu akishaambiwa. Swali lenye mambo mawili, kama "Umeridhika na barabara na maji?", humwacha hoi mwenye barabara nzuri na bomba kavu. Orodha ya majibu nayo inazungumza: huko Ujerumani katika miaka ya 1980 watu waliulizwa wanatazama televisheni kwa saa ngapi kwa siku. Waliopewa ngazi ya majibu inayoanzia chini, asilimia 16 walisema wanazidi saa mbili na nusu. Waliopewa ngazi inayoanzia juu, asilimia 37 na nusu. Kila mtu alijitafutia nafasi ya katikati, akidhani ndiko waliko watu wa kawaida. Hata mpangilio una nguvu. Mwaka 1948 Wamarekani walioulizwa kama waandishi wa habari wa kikomunisti kutoka nchi nyingine waruhusiwe kuja kuripoti nchini mwao, asilimia 36 walikubali. Walioulizwa kwanza kama waandishi wa Marekani waruhusiwe kuripoti katika nchi ya kikomunisti kama Urusi, kisha wakaulizwa swali lile, asilimia 73 walikubali. Walikuwa wameshaikumbuka haki kabla hawajaikumbuka hofu.

Kwetu linaongezeka la tafsiri. Madodoso mengi yanayofika vijijini yametungwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kinachotumika kuyatafsiri hudhaniwa ni kimoja kuanzia Mombasa hadi Kigoma. Chukua neno homa. Tafiti za malaria huuliza kama mtoto alikuwa na homa katika wiki mbili zilizopita. Mama wa Tanzania atafikiria mwili kuchemka. Mama wa Kenya anaweza kabisa kufikiria kamasi na kupiga chafya, kile ambacho Tanzania tunakiita mafua. Sentensi ni ile ile, herufi kwa herufi, na kila mmoja amejibu kwa ukweli kuhusu ugonjwa tofauti. Saa nazo: ukiandika "saa 2" kwenye dodoso, mhojiwa atakuambia kwa saa za Kiswahili na kishikwambi kitaipokea kama saa nane.

Dawa yake ni kazi ya taratibu inayokatwa kwanza bajeti ikipungua: kulijaribu dodoso kabla ya kwenda nalo nyanjani. Siyo kuangalia tu kama watu wanajibu, kwa maana watu watajibu chochote kwa adabu. Unamsomea mtu swali, anajibu, halafu unamwomba akuambie kwa maneno yake ameulizwa nini. Hapo ndipo unaposhtuka. Siku moja tulifanya zoezi hilo na bibi mmoja juu ya neno kaya. Akasema kaya ni wale wanaokula chungu kimoja, nasi tukafurahi, kwa kuwa ndivyo maelekezo yetu yalivyosema karibu neno kwa neno. Tukamwomba awataje. Akahesabu kwa vidole hadi saba, na pale nyumbani palikuwa na watu watano. Wa sita alikuwa mjukuu aliyeko bweni. Wa saba alikuwa kijana wake, kondakta wa daladala Dar es Salaam, ambaye hajalala nyumba ile kwa miaka mitatu. Mwenzangu akamweleza kwa upole kwamba huyo hatumhesabu, kwa sababu hali chakula hapa. Bibi akatutazama wote wawili.

"Unga wa chungu hicho unanunuliwa kwa hela anayotuma yeye," akasema. "Sasa mimi nitamtoaje?"